Mitandao ya Simu: Namna ya Kuchuma kwayo bila ya Kuangamia

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake, twapenda katika darasa hili kuzungumza juu ya jambo lililoingia katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, ya mwanachuoni na ya asiyejua kusoma; nalo ni mitandao ya kijamii ipatikanayo katika simu, kama vile WhatsApp, Facebook, Instagram, YouTube, TikTok na LinkedIn.

Yametufikia maswali mengi juu ya jambo hili. Wako waulizao kama yajuzu kufanya biashara katika mitandao. Wako waulizao ni vipi kijana aliyemaliza masomo aweza kuitumia kutafutia kazi. Na yuko mmoja, fundi seremala katika ndugu zetu wa darasa, ambaye hakuuliza kwa kalamu, bali alitujia mwenyewe baada ya sala ya Isha, uso umemsawijika, kwa kuwa chombo kile kile kilichompa riziki kilikuwa karibu kumvunjia jina lake lote. Kisa chake tutakieleza mahali pake, kwa idhini yake, kwani kina mafunzo kuliko maneno yetu mengi.

MAKUNDI MAWILI YALIYOKOSEA

Watu katika jambo hili wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili twaona yamekosea.

Kundi la kwanza ni la wale wakatazao kwa jumla. Wao husema kuwa mitandao ni fitina tupu, na kwamba mtu mwenye dini hana haja nayo. Hawa twawakumbusha khabari ya upigaji chapa. Johannes Gutenberg alipiga chapa kitabu chake mashuhuri katika Ujerumani kiasi cha mwaka 1455. Katika mji wa Istanbul, uliokuwa makao makuu ya dola kubwa kabisa ya Waislamu, kitabu cha kwanza cha mtambo wa Ibrahim Müteferrika kilitoka mwaka 1729. Baina ya mwaka ule na huu ni zaidi ya miaka 270. Katika muda huo wote wengine walikuwa wakisomeshana kwa maelfu ya nakala, nasi tukinakili kwa mkono kitabu kimoja kimoja.

Na hapa kwetu Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) hakungoja. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi yake aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Alikuwa mwanachuoni mkubwa, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya; lakini hakuona kuwa gazeti ni chombo cha watu wengine. Alikitwaa chombo cha zama zake akakitia kazini. Huo ndio mwendo wa wenye akili: si kukikimbia chombo, bali kukijua, kisha kukishika kwa mpini.

Kundi la pili ni la wale waliozama. Huyu haamki illa kwa simu, wala halali illa nayo kifuani. Ukimwuliza wafanyani, akujibu: "Natafuta riziki." Umwulize tena: katika mwezi uliopita umepata nini? Hana la kujibu. Ameona harusi za watu asiowajua, amesikiliza magomvi yasiyomhusu, amecheka, ameghadhibika, na bando limekwisha. Huyu hakukitumia chombo. Chombo ndicho kilichomtumia yeye.

NI NANI MWENYE MITANDAO HII, NAYE HULA WAPI?

Kabla ya kuingia katika duka la mtu, yafaa kumjua mwenye duka. Facebook ilianzishwa mwaka 2004 huko Marekani; kampuni hiyo hiyo ilinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014, na tangu mwaka 2021 yaitwa Meta. YouTube ilianza mwaka 2005, ikanunuliwa na Google mwaka 2006. LinkedIn, ambayo kazi yake khasa ni kuwakutanisha wenye ujuzi na wenye kazi, ilifunguliwa mwaka 2003, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2016. TikTok ilitokana na kampuni ya ByteDance ya China.

Sasa tujiulize: watu hawa hawatutozi hata senti kwa kuingia, basi wapata wapi mabilioni yao? Sehemu kubwa ya chumo lao hutoka katika matangazo. Mwenye bidhaa huwalipa ili tangazo lake lionekane na macho yetu. Kwa hivyo kila dakika tuliyokaa ndani ni mali kwao, na kila hila ya kutukalisha ni biashara kwao. Kutokana na haya twapata mambo matatu ya kuyashika.

La kwanza: thamani tulipayo ni wakati wetu na khabari zetu. Si bure kama idhaniwavyo.

La pili: kinacholetwa mbele yako si kile kikufaacho zaidi, bali ni kile kitakachokukalisha zaidi. Basi usiingie kama mtu aliyekaa barazani kungoja kila apitaye. Ingia kama mtu aendaye sokoni na orodha mkononi, anunue alichokijia, arudi kwake.

La tatu: duka lako lililomo humo limejengwa katika kiwanja cha mwenyewe. Akaunti yaweza kufungwa au kuibwa usiku mmoja, na wateja wa miaka wakapotea. Kwa hivyo kila mteja umpataye, mwandike jina lake na nambari yake katika daftari la karatasi, uliweke nyumbani.

MANUFAA YA KWANZA: ILIMU

Kijana wa Lamu au wa Kwale ambaye hana nauli ya kwenda chuo kikuu aweza leo kusikiliza katika YouTube darasa za hisabu, za lugha, za ushoni na za ufundi wa umeme, bila ya kulipa ada. Neema hii hawakuipata babu zetu. Lakini ilimu ina adabu zake. Chagua somo moja, mwalimu mmoja, na saa moja, andika unayoyasikia, kisha uyafanye kwa mkono. Mwenye kuruka kutoka mwalimu hadi mwalimu ni kama mwenye kuchimba visima kumi vya dhiraa moja moja: atachoka wala hatayaona maji. Na katika mambo ya dini, mtazame mwenye kusema amesoma wapi na kwa nani, kabla ya kutazama ana wafuasi wangapi. Wingi wa wafuasi si ijaza ya ilimu.

MANUFAA YA PILI: KAZI

Twawaona vijana wetu wengi wamemaliza masomo, wana vyeti vizuri, kisha wakaa wakingoja ami au mjomba awapeleke mahali. Na mwajiri naye yuko Nairobi au Nakuru, atafuta mtu kama huyu, hamjui. Hapa ndipo mtandao mfano wa LinkedIn unapofaa, kwa kuwa unambidi mtu aeleze wazi: nimesoma nini, nimefanya kazi wapi, naweza kufanya nini.

Twawausia vijana hao mambo manne. Kwanza, waandike kazi waliyoifanya, si sifa. Kusema "mimi ni mchapa kazi hodari" hakumwelezi mwajiri neno. Kusema "nilishika hisabu za duka la vyakula kwa miaka miwili, nikawa nafunga daftari kila jioni" kwamweleza. Pili, waonyeshe kazi yenyewe. Fundi wa umeme na apige picha ya sanduku la nyaya kabla hajalitengeneza na baada ya kulitengeneza. Mwalimu na aeleze njia aliyowafahamishia watoto sehemu za hisabu. Tatu, wawaandikie wenye kazi hiyo wakitaka nasaha, kwa heshima na kwa maneno machache. Kwani mtu huona uzito kuombwa kazi, bali hufurahi kuulizwa ujuzi wake. Nne, wasijipe cheti wasichokuwa nacho. Huo ni ushahidi wa uwongo, na mshahara utakaopatikana kwa njia hiyo una doa tangu siku ya kwanza.

Na hapa hatuna budi kutoa onyo. Katika mwaka 2022 Serikali ya Kenya iliwarudisha nyumbani vijana wake waliokuwa wameahidiwa kazi nzuri Thailand kupitia matangazo ya mitandao, kisha wakajikuta Myanmar, wamefungiwa majumbani na kushurutishwa kudanganya watu kwa kompyuta ili wawaibie mali zao. Hawa walikuwa vijana waliosoma! Basi kabla ya kumpa mtu pasi yako au shilingi yako kwa ajili ya kazi ya ng'ambo, iwe Ghuba au kwengineko, tazama kwanza kama wakala huyo ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo kazi yake ni hiyo. Nenda ofisini kwake kwa miguu yako, pamoja na mzee wa nyumbani. Wakala asiye na mlango wa kubishwa hodi, huyo hana dhamana.

MANUFAA YA TATU: BIASHARA, NA KISA CHA FUNDI

Sasa twaja katika kisa tulichokiahidi.

Fundi huyu ni mtu wa makamo. Hufanya milango, vitanda na viti vya kuchonga, kazi aliyoirithi kwa babake. Kwa miaka mingi alikuwa akingoja wateja mlangoni pa karakana yake, na ikifika miezi ya mvua hupita wiki hata hajauza kigoda. Binti yake alipomaliza shule alimfungulia WhatsApp ya biashara, ambayo ilitolewa mwaka 2018 na haina malipo. Akawa kila kazi ikikamilika huipiga picha kwa mwangaza wa asubuhi, huandika mti uliotumika, kipimo na bei, na kuipanga katika orodha ya bidhaa. Haikupita miezi mingi illa maagizo yakaanza kuja kutoka Malindi na Nairobi. Fundi akaajiri kijana mmoja. Ada za shule zikalipwa kwa wakati.

Kisha, usiku mmoja, fundi aliona katika simu picha ya mlango wa ajabu, nakshi zake zimesukana kama ukili. Haukuwa wake, wala hakumjua aliyeuchonga. Akaichukua picha ile akaitia katikati ya picha za kazi zake. Siku ya pili mtu wa Nairobi akamwandikia: "Nataka kama huu." Fundi akasema, "Inshallah." Akapelekewa shilingi 40,000 za kutangulia.

Alipoingia kazini akaona kuwa mkono wake haukuizoea nakshi ile. Ubao wa kwanza ukapasuka. Ubao wa pili ukatoka si kama ulivyotakiwa. Fedha zikawa zimekwisha, nusu katika mbao na nusu katika haja za nyumbani. Siku zikapita. Mnunuzi akipiga simu, fundi haipokei, si kwa kutaka kudhulumu, bali kwa haya. Mnunuzi naye akaghadhibika, akaandika katika kundi la watu mamia kwamba fundi huyu ni mwizi, na picha yake akaiweka. Kufikia jioni neno lilikuwa limezunguka mji. Binti akafunga simu akalia. Hapo ndipo fundi alipotujia.

Tulimwuliza neno moja tu: "Mzee wetu, picha ile ilikuwa ya nani?" Akainamisha kichwa asijibu. Nasi hatukuzidisha.

Shauri letu lilikuwa kwamba ampigie mnunuzi usiku ule ule, aikiri picha, na aahidi kurudisha fedha yote. Fundi aliuza randa yake ya umeme, akarudisha sehemu kubwa siku ya tatu, na iliyobaki akaiandikia ahadi ya miezi miwili, akaitimiza. Mnunuzi alikuwa muungwana: aliandika katika kundi lile lile kwamba wameelewana na kwamba amelipwa haki yake. Lakini, ndugu zetu, si wote waliolisoma neno la kwanza waliolisoma la pili. Hata leo wako wamtajao fundi kwa lile la kwanza. Na randa ya umeme hajapata nyingine. Aranda kwa mkono.

HUKUMU NA ADABU ZA KUUZA KATIKA MITANDAO

Kutokana na kisa hiki, na mingine mfano wake, twaeleza haya yafuatayo.

1. Picha ni ushahidi. Mwenye kuweka picha amesema, hata kama hakutamka: "Hii ndiyo kazi yangu, na hivi ndivyo ilivyo." Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya chakula, akatia mkono wake ndani akakuta unyevu, akamlaumu mwenyewe kwa kuuficha chini. Basi mwenye kuing'arisha picha ya nguo hata rangi yake isiwe rangi yake, au mwenye kuupiga picha upande mzima wa kabati na kuuacha uliovunjika, ameuweka unyevu chini ya chungu. Na mwenye kutwaa picha ya kazi ya mwenziwe amezidisha, kwani amemwongopea mnunuzi na amemdhulumu mchongaji.

2. Usiuze usichokimiliki. Twaona vijana wetu wengi, khasa mabinti walioko majumbani, huonyesha katika WhatsApp bidhaa za maduka ya Eastleigh au ya Dubai, wakapokea bei kana kwamba ni zao, kisha ndipo waende kununua. Hakim bin Hizam alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya jambo hili hili, mtu anijia kutaka kitu nisichokuwa nacho, nimwuzie kisha nende nikakinunue sokoni? Akamkataza. Hekima yake yajulikana na kila aliyelipia kitu kisha akaambiwa "kimekwisha dukani".

Lakini sheria haikuufunga mlango huu bila ya kufungua mingine. Waweza kuwa wakala: mwambie mwenye duka, "Nitakuuzia, nawe unipe kiasi kadha kwa kila kimoja," na mnunuzi ajue kuwa wewe ni wakala. Au waweza kumsikiliza mnunuzi bila ya kufunga bei wala kupokea fedha, ukakinunua kitu kikawa mkononi mwako na khasara yake ikawa juu yako, kisha ukamwuzia. Au waweza kufanya biashara ya salam, ambayo Mtume (s.a.w.) aliwakuta nayo watu wa Madina akaikubali kwa masharti: bei ilipwe yote mbele, kitu kielezwe sifa zake na kipimo chake, na muda wa kukileta ujulikane.

3. Kazi ya kuagizia. Mtu akimwagizia fundi mlango au mshoni kanzu, hiyo katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, huhesabiwa kuwa salam, na lazima bei itolewe yote siku ya mapatano. Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi wameikubali kuwa ni mkataba mbali, uitwao istisna'. Na Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, lilipokutana Jeddah mwaka 1992, liliamua kuwa mkataba huu wawafunga wote wawili, na kwamba bei yaweza kucheleweshwa au kulipwa kwa mafungu, maadamu kitu kimeelezwa jinsi yake, sifa zake na kiasi chake, na muda umewekwa. Twaona kuwa rai hii yawafaa mafundi wetu, wala hapana ubaya kwa Mshafi kuitumia. Sasa tazama mapatano ya fundi wetu: "Nataka kama huu." "Inshallah." Mti gani? Upana gani? Siku gani? Hapakuwa na neno. Kosa lilikwisha kuzaliwa kabla ubao haujapasuka.

4. Mapatano yaandikwe. Sura ya Al-Baqara katika aya yake ya 282 imeamrisha kuandikiana deni la muda, na aya hiyo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kurani. Bila shaka urefu huo si wa bure. Na Baraza tulilolitaja lilikwisha kuamua mwaka 1990 kuwa mikataba kwa vyombo vya mawasiliano yaswihi, illa wakaivua ndoa kwa sababu ya mashahidi, na ubadilishaji wa fedha kwa sababu ya kupokezana papo hapo, na salam kwa sababu ya kutangulizwa bei. Na hii ya mwisho twaona ni nyepesi leo, kwani mnunuzi aweza kutuma bei kwa M-Pesa wakati ule ule wa mapatano ikafika. Basi baada ya mazungumzo yote, mwuzaji na aandike ujumbe mmoja: kitu gani, cha namna gani, kipimo, bei, kilicholipwa, kilichobaki na siku ya kukabidhi. Mnunuzi ajibu: "Nimekubali." Ujumbe huo uhifadhiwe. Fundi wetu sasa hafanyi kazi pasipo huo.

5. Fedha. Usitoe bidhaa kwa kuonyeshwa ujumbe katika simu ya mnunuzi. Tazama salio lako mwenyewe. Wala usimpe mtu yeyote tarakimu sita zinazoletwa na WhatsApp, hata akisema ni nduguyo, kwani hizo ndizo ufunguo wa akaunti yako. Na uweke ule uthibitisho wa hatua mbili unaopatikana katika mipango yake.

6. Picha za watu. Mwenye saluni, mshoni wa nguo za maarusi, mwalimu wa madrasa, wote hawa huweka picha za watu ili kutangaza kazi zao. Hapana idhini, hapana picha. Haya ni katika sitara, nayo pia ni katika sheria ya nchi: Kenya ilitunga Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wake aliitoza shule moja na mkahawa mmoja faini za mamilioni ya shilingi kwa kutangaza picha za watu bila ya idhini.

MANUFAA YA NNE: KUUNGA UDUGU

Juu ya hili hatutarefusha, kwani kila mtu alijua. Jamaa walioko Muscat, London na Toronto leo huuona uso wa mzazi wao kila siku, na mchango wa mgonjwa hukusanywa kwa saa moja. Twasema tu: kundi la jamaa lisiwe mahali pa siasa na mabishano, wala salamu za picha zisiwe badala ya kwenda kumtazama mgonjwa aliye mtaa wa pili.

MADHARA MAKUBWA: ULIMI USIO NA MFUPA

Tumetaja wakati, sasa twataja ulimi. Yule aliyemwandika fundi alikuwa na haki ya kudai fedha yake. Lakini wale mamia waliolipeleka mbele neno lile walikuwa na haki gani? Hawakumjua fundi, hawakumwuliza, hawakudaiwa wala hawakudai. Aya ya 6 ya Sura ya Al-Hujurat imeamrisha kuyakinisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na aya ya 12 ya sura hiyo imekataza dhana mbaya, upelelezi na kusengenya. Watu huyasoma haya katika sala, wakisha kutoa salamu hushika simu.

Na wenye WhatsApp wenyewe, mwezi wa Januari 2019, waliweka mpaka kuwa ujumbe usipelekwe mbele zaidi ya mahali patano kwa mara moja. Na mwezi wa Aprili 2020 wakazidisha, ujumbe uliokwisha kuzungushwa sana usipelekwe illa mahali pamoja kwa mara moja. Ikiwa wenye chombo wameona haja ya kuizuia mikono ya watu, Mwislamu aliyefunzwa kuyakinisha tangu karne 14 angojani?

Basi mtu akitaka kudai haki yake, na aanze kwa mdaiwa mwenyewe. Akikataa, kwa wazee. Akikataa, kwa Kadhi au kwa mahakama. Kundi la watu mamia si mahakama, kwani halisikilizi mashahidi, na hukumu yake haina rufaa.

LA KUFANYA KUTOKA LEO

Ilimu bila ya kutenda ni mti usio na matunda. Twawaomba ndugu wote wa darasa wajaribu haya kwa siku 30.

Kwanza, kila mmoja aandike katika karatasi sababu moja ya kuingia mtandaoni: ilimu fulani, kazi fulani, au bidhaa fulani. Asiyekuwa na sababu, na akae nje mpaka aipate.

Pili, aweke nyakati mbili, kama nusu saa baada ya Alasiri na nusu saa baada ya Isha. Na milio yote aizime illa ya wateja na ya jamaa.

Tatu, mwenye biashara aweke kila wiki picha moja ya kazi iliyokamilika, moja ya kazi inavyofanywa, na neno moja la kumfaa mnunuzi hata asiponunua, kama vile namna ya kuuhifadhi mti na mchwa. Hivyo ndivyo mtu anavyojulikana kwa ujuzi wake bila ya kujisifu.

Nne, atoke katika kila kundi ambalo kwa mwezi mzima halikumpa ilimu, wala riziki, wala udugu.

Tano, mtoto asiyetimia miaka 13 asifunguliwe akaunti. Hata makampuni yenyewe yameweka mpaka huo. Na aliyetimia, mzazi na akae naye ubavuni.

Sita, kila Ijumaa ajihesabu kwa maswali matatu: Nimepata nini? Nimepoteza nini? Je, yuko mtu niliyemdhuru kwa neno nililoliandika au nililolipeleka mbele? Akiwa yuko, amwendee kabla jua halijachwa.

MASWALI YA DARASA

Tutakapokutana wiki ijayo, kila mmoja aje na majibu ya haya: (i) Kuna tofauti gani baina ya wakala na mwenye kuuza asichokimiliki? (ii) Lau mnunuzi wa Nairobi angalitaja mti, kipimo na siku, ni lipi katika kisa cha fundi lingalibadilika, na ni lipi lingalibaki vile vile? (iii) Umepokea ujumbe wa kumsema mtu unayemjua, wafanyani?

Fundi amekubali kuhudhuria, na binti yake ameanza tena kuweka picha. Ya kwanza aliyoiweka ni ya kigoda kidogo, na chini yake ameandika: "Kimechongwa na babangu." Atakaye kigoda, na alete agizo lake, lakini aliandike vizuri.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe chumo la halali, atulinde ndimi zetu na vidole vyetu, na azijaalie zama zetu kuwa hoja kwetu, wala si juu yetu. Amin.